A' Mhaighdean na Ruadh Stac Mòr kwa siku moja: inawezekana, ila panga kuanzia mwisho

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Mi naishi Glasgow, mwezi wa 6 mimi na rafiki yangu tunataka kupanda milima miwili ya Scotland, A' Mhaighdean na Ruadh Stac Mòr, kwa siku moja tukianzia kijiji cha Poolewe. Nimeshapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, Ben Nevis na milima kadhaa ya karibu na Loch Lomond. Mume wangu anasema mita 967 ni kilima tu, nisihangaike kupanga. Je, siku moja inatosha? Baiskeli ni lazima? Alafu mdogo wangu wa miaka 15 anataka kuja nasi, tumchukue?"

Marahaba dada yangu. Nianze na shemeji, maana watu wetu wengi wanaotoka kwenye Kilimanjaro wanasema hivohivo. Ni kweli mita 967 za A' Mhaighdean ukiziweka kando ya 5,895 za Kilimanjaro hazionekani, na huko juu hautaumwa kichwa wala hautaishiwa pumzi kwa ajili ya hewa nyembamba. Lakini Kilimanjaro umepanda na mpagazi kabeba begi kubwa, mpishi kakutangulia, guide anajua kila jiwe, siku zenu tano au sita zimegawanywa vizuri na kila kambi mnasaini kitabu, yaani ukikosekana jioni mtu anaanza kuuliza. Hapa hamna geti, hamna kibali, hamna kitabu, na hamna mtu wa kujua kwamba hujarudi. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inakupa haki ya kutembea karibu popote ilimradi uwe na adabu, ni jambo zuri sana hilo, ila maana yake nyingine ni kwamba hakuna wa kukuzuia getini akikuona umevaa vibaya.

Halafu tatizo la hii milima miwili sio kupanda, tatizo ni kufika. A' Mhaighdean ndo watu wengi wanaitaja kama Munro iliyo mbali kuliko zote na barabara (Munro ni mlima wa Scotland uliofika futi 3,000, yaani mita 914.4, iko 282). Kutoka Poolewe kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 40, na kati ya hizo kama 30 ni za kwenda na kurudi tu kwenye mguu wa mlima. Sehemu ya mlima wenyewe ni fupi. Kwa hiyo ukipanga kwa kuangalia vilele utapanga vibaya, we panga kwa kuangalia saa ngapi utakuwa unarudi na maji ya vijito yatakuwaje wakati huo. Mi naanza kila mpango kutoka mwisho kurudi nyuma: nataka kuwa kwenye gari saa ngapi, basi hapa niwe nimeondoka saa ngapi, na pale nisipofika saa fulani nageuza.

Njia yenyewe iko hivi. Poolewe unaacha gari kijijini, unafuata mto Ewe kwa barabara ya shamba mpaka Kernsary, kama kilomita 5. Barabara inaendelea mbele kidogo kuelekea msitu wa kupandwa, ukishaupita ndo kijia kinaanza na hapo pana kipande cha matope kinachoudhi kweli, tope jeusi linalonyonya buti mpaka kwenye kifundo, usijaribu kulikwepa kwa kuzunguka mbali sana maana utapoteza kijia bure. Kisha njia inakuwa nzuri, inapita chini ya milima ya Beinn Airigh Charr na Meall Mheinnidh, inaingia kwenye kibonde cha Strathan Buidhe na kuvuka kijito, halafu inashuka mpaka kwenye ziwa Fionn Loch. Hapo kuna kitu utakipenda: tuta la mawe lililojengwa kati ya Fionn Loch na Dubh Loch, unatembea juu yake maji kushoto maji kulia na majabali yamekuzunguka. Ukivuka umefika Carnmore, pana nyumba ya wenye shamba ambayo inakuwa imefungwa, na kando yake banda la mawe ambalo wasafiri wanaruhusiwa kulala bure, aina ya kibanda ambacho wenyeji wanaita bothi. Usitegemee starehe, ni banda kweli.

Kutoka Carnmore kuna kijia cha zamani cha wawindaji wa kulungu, kimechongwa vizuri ajabu, kinapanda taratibu kuelekea mashariki. Juu kinagawanyika, tawi la kulia linakupitisha juu ya kiziwa cha Fuar Loch Mòr, chini ya ubavu wa Ruadh Stac Mòr, mpaka kwenye mwinamo kati ya vilele viwili, kama ule wa kati ya Kibo na Mawenzi ila huu ni mdogo na una upepo wa kusukuma mtu. Mwinamo uko kwenye mita 750 hivi. Simama hapo uangalie chini: upande wa A' Mhaighdean mawe ni ya kijivu, magumu, yana mistarimistari, upande wa Ruadh Stac Mòr ni mekundu kama udongo wa Karatu, mchanga uliogeuka jiwe, na mpaka kati ya aina hizo mbili unauona kwa macho bila kuwa mwanajiolojia. Pia kuna kijipango cha mawe chini ya jabali kubwa, watu wamekizibia kuta, mnaingia wawili watatu mkajikinga na mvua mkanywa chai.

Sasa saa. Nitatumia saa zetu. Katikati ya mwezi wa 6 Poolewe jua linachomoza saa kumi na nusu kasoro alfajiri na linazama saa nne na nusu kasoro usiku, na hata likizama giza halikamiliki. Ndo maana nakwambia mwezi wa 6 umechagua vizuri, huo mpango huo mwezi wa 12 ambapo mwanga haufiki hata masaa 7 ni wazimu.

Mkianza Poolewe saa kumi na moja alfajiri kwa baiskeli, mnaziacha Kernsary kabla ya saa kumi na mbili. Kernsary mpaka Carnmore ni kama kilomita 10, hesabuni masaa 3 kwa sababu ya matope, mnafika saa tatu kasoro robo asubuhi. Carnmore mpaka mwinamoni masaa mawili na nusu, saa tano na robo. A' Mhaighdean kwenda na kurudi mwinamoni saa moja na robo pamoja na kupiga picha, Ruadh Stac Mòr saa moja na kidogo, kwa hiyo saa nane mchana mnaanza kushuka. Carnmore saa kumi kasoro robo. Mle, mbadilishe soksi. Kernsary saa moja na robo jioni, Poolewe kwenye saa mbili usiku. Masaa 15, na bado mna kama masaa mawili na nusu ya mwanga mkononi. Hayo masaa mawili na nusu sio ya kutumia, ni ya goti kuuma, ya ukungu, ya rafiki yako kusema anahisi baridi.

Kuna kanuni ya Naismith, yule Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yenu, kupanda kwote ukijumlisha ni kama mita 1,300 hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo kanuni itakupa jibu zuri la kuvutia, masaa 9 hivi ya kutembea ukitoa baiskeli. Usiliamini. Ile ni hesabu ya mtu mwenye miguu mizuri ambaye hali, hasimami, hakosei njia na hakanyagi tope. Chukua jibu lake ongeza nusu, ndo utakuwa karibu na ukweli.

Na muandike kwenye karatasi masaa mawili ya kugeuza, kabla hamjatoka nyumbani, maana mkishafika huko kila mtu anakuwa na hamu na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. La kwanza ni Carnmore: kama hamjafika saa nne na nusu asubuhi, vilele viwili havipo tena, ama mpande kimoja ama mkae ziwani mle chapati mrudi. La pili ni mwinamoni: ikifika saa saba mchana na hamjapanda chochote, mnakwenda A' Mhaighdean peke yake. Mi binafsi naiweka hiyo kwanza siku zote, ndo uliyoifuata na miguu bado ina nguvu. Kutoka mwinamoni mteremko wake ni wa nyasi na mawe, rahisi tu, lakini kileleni ardhi inakatika ghafla upande wa magharibi na kusini, ni genge kweli, kwa hiyo kukiwa na ukungu msitembee-tembee kutafuta pa kupiga picha. Siku ya wazi unaona Fionn Loch lote limelala chini yako na bahari nyuma yake. Kuna wanaopanda kwa ukingo wa kaskazini-magharibi moja kwa moja, pana sehemu za kushika mawe kwa mikono, kwa mara ya kwanza mi nasema hapana.

Ruadh Stac Mòr kutoka mwinamoni inatisha ukiiangalia, ni ukuta mwekundu, unajiuliza wanapita wapi. Kipo kijia, kinajipenyeza kwenye nyufa za mwamba, mnapanda juu ya kokoto zinazoteleza kisha mawe makubwa mpaka kwenye nguzo ya wapima ramani. Angalia mwenzio asiwe chini yako moja kwa moja, mawe yanaporomoka. Ina mita 918, yaani imeingia kwenye Munro chupuchupu. Jirani yake Beinn a' Chlaidheimh haikubahatika, mwaka 2012 waliipima upya wakakuta imepungukiwa na nusu mita hivi, ikatolewa kwenye orodha, ndo maana ukisoma maelezo ya zamani utakuta mzunguko wa milima sita ya eneo hili la Fisherfield na siku hizi wanasema mitano. Na huo mzunguko usikushawishi, unaanzia upande mwingine, Corrie Hallie kupitia kibanda cha Shenavall, na huko kuna mito miwili mipana isiyo na madaraja ambayo mvua ikinyesha haivukiki kabisa.

Tukizungumzia mito, hapa naomba usome mara mbili. Vijito vya upande wa Poolewe sio vikubwa, siku kavu unaruka jiwe kwa jiwe, lakini hizi ardhi ni mwamba na tope lililoshiba, mvua ikinyesha haina pa kwenda zaidi ya kijitoni, kwa hiyo kijito ulichokivuka asubuhi bila kulowa, jioni kinaweza kukufika mapajani, na kipo kati yako na gari. Msiangalie hali ya hewa ya siku hiyo tu, angalieni na ya siku mbili kabla. Wapo MWIS, wanatoa utabiri wa milimani bure kila siku, soma ule wa nyanda za kaskazini-magharibi, wanakwambia mpaka upepo utakusumbua kiasi gani kutembea na uwezekano wa kilele kuwa wazi. Vigezo vyangu: mvua kubwa ikitabiriwa mchana, hatuendi. Upepo juu ya kilomita 60 kwa saa kwenye kilele, hatuendi. Na mkikuta kijito kimefura, fungua mkanda wa begi ili ukianguka liachie, tafuta sehemu pana yenye maji ya chini, elekeza uso maji yanakotokea, fimbo mbele. Kikipita goti na kina kasi, hamvuki, basi. Rudini bandani Carnmore mlale, vijito hivi vinajaa haraka na vinapungua haraka pia, asubuhi mara nyingi vimeshuka. Kuchelewa kazini Jumatatu kunavumilika.

Kwa sababu hiyo kila mtu abebe kama vile anaweza kulala nje usiku mmoja. Sio hema, ni mfuko wa dharura wa plastiki wa kuingia mwili mzima, sweta la ziada lililofungwa kwenye mfuko usioingiza maji, kofia na glavu. Ndiyo, glavu mwezi wa 6. Poolewe nyuzi 14, kileleni 8, weka upepo wa kilomita 50 unahisi kama 3, na kama umelowa jasho mwili unapoteza joto kabla hujajua. Ukiona mwenzio anaanza kujikwaa, anaongea kidogo, anasema yuko sawa huku anatetemeka, simama hapohapo umvishe na umlishe kitu kitamu. Jinzi acha nyumbani. Koti la mvua na suruali ya mvua, vyote viwili. Tochi ya kichwani hata kama usiku ni mweupe. Filimbi. Fimbo za kutembelea nazipendekeza kwa nguvu zote, kilomita kumi za mwisho magoti yatakushukuru.

Ramani ya karatasi muwe nayo, Landranger namba 19 ya Ordnance Survey inatosha safari nzima, na dira, na mmojawenu awe anajua kuitumia kwelikweli. Simu pakueni ramani kabla, muiweke kwenye hali ya ndege maana ukishaiacha Poolewe mtandao ni wa kubahatisha na simu inayotafuta mtandao inamaliza chaji. Kabla ya safari tuma neno register kwenda 999 upate kusajiliwa, ili siku ya shida ujumbe mfupi upite hata kama simu haiwezi kupiga. Ukipiga 999 huku unaomba polisi kwanza, kisha unasema uokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea, hawadai hela, lakini kukufikia Carnmore watatumia masaa. Na ile kazi ya kitabu cha Kilimanjaro mpe shemeji: mwandikie njia mnayopita, gari namba gani limeachwa wapi, na kwamba asiposikia kutoka kwenu mpaka saa sita usiku apige. Afadhali naye awe na kazi badala ya kubaki anasema kilima tu.

Chakula kila mtu ana lake. Chapati zilizokunjwa na mayai ndani, zifungwe moja moja kwenye foili uweze kula ukiwa unatembea, tende, karanga, na chupa ya chai ya tangawizi ambayo haifunguliwi mpaka mwinamoni. Maji hayana shida, vijito vya juu vinavyokwenda kasi watu wengi wanakunywa, we hakikisha tu juu yake hamna mzoga wa kulungu, au beba chujio. Usubi wanaanza mwishoni mwa mwezi wa 5, hawa wa Scotland ni wadogo kama vumbi na wana hasira, upepo ukiwepo hawaruki, ukitulia jioni pale Kernsary mnapofungua baiskeli ndo mtawajua, neti ya uso ni bei ndogo. Kupe mjikague mkirudi, nyuma ya magoti na kiunoni, wanaleta ugonjwa wa Lyme.

Baiskeli sio lazima lakini inawaokolea muda kwenda na kurudi, na ule wa kurudi una thamani mara tatu. Ziacheni Kernsary, msizipeleke kwenye kijia, wenye shamba hawapendi na matopeni hazisaidii. Mwezi wa 6 uwindaji haujapamba moto, mngekuja kati ya mwezi wa 8 katikati na tarehe 20 ya mwezi wa 10 ningewaambia muulize kwanza wapi wanawinda.

Kutoka Glasgow mpaka Poolewe ni masaa matano hivi ya kuendesha, kwa hiyo mnakwenda siku moja kabla mnalala kule, kuna kambi ya mahema kijijini, na mkirudi mlimani mnalala tena. Kuendesha usiku baada ya kutembea masaa 15, na kulungu wanaokatiza barabarani, ni hatari kuliko chochote nilichoeleza hapo juu.

Kwa hiyo siku moja inatosha? Inatosha kama miguu imezoea umbali, na hapo ndo sina uhakika na nyie maana Ben Nevis na ile ya Loch Lomond ni kupanda na kushuka tu. Jipimeni mwezi wa 5: chukueni treni mpaka Milngavie, mtembee njia ya West Highland Way mpaka Balmaha siku moja, ni kama kilomita 31, na mabegi yawe na uzito uleule mtakaobeba. Mwishoni kuna Conic Hill ya kupanda mkiwa mmechoka, inafaa sana kwa jaribio. Mkifika Balmaha mnacheka, njooni Poolewe. Mkifika mnaburuta miguu, fanyeni A' Mhaighdean kwa siku mbili, mlale Carnmore au kwenye hema kando ya ziwa, na kusema kweli hiyo ndo ningeichagua mi mwenyewe kwa mara ya kwanza, jioni ya kule bila haraka ni kitu kingine.

Mdogo wako, hapana kwa siku moja. Sio kwamba hawezi, vijana wa miaka 15 wanatupita kwenye mwendo, lakini wanaanza kwa kasi na kuishiwa Carnmore wakati wa kurudi, na hamuwezi kumbeba kilomita 15. Mchukueni kwenye lile jaribio la Milngavie, na mkibadilisha mpango kuwa wa siku mbili basi aje, mradi abebe begi lake mwenyewe.